Kanzu katika Usiku wa Gala

Siku hizi si ajabu mzee wa Wete au wa Kikwajuni kuitwa na watoto wake walioko Uingereza ili apande nao meli ya kitalii kutoka Southampton. Tiketi huja kwa simu, na nyuma yake hufuata karatasi ya mavazi: nguo za mchana, nguo za jioni, nguo za usiku wa gala, yaani usiku wa nguo rasmi. Hapo nyumba nzima huanza kuulizana suti inapatikana wapi. Sisi tunaoshona, kupiga pasi na kufungasha nguo za safari tunamwambia kila mzee jambo lilelile: pesa ya tuksedo, ile suti nyeusi ya usiku yenye tai ya kipepeo, iweke, baba. Kanzu yako ya Idi ikitengenezwa vizuri inakaa meza moja na koti jeusi la mtu yeyote. Wanaoadhirika ni wale ambao kanzu zao zinaonyesha ndani, zimekunjamana, zina ndala chini yake, au wamezivaa kwa saa isiyokuwa yake.

Tuanze na saa. Meli haina sheria moja ya nguo kwa kutwa nzima. Mchana watu hutembea na fulana na kaptula, kwenye bwawa huvaa nguo za kuogelea, na hakuna anayemwangalia mwenzake. Ikifika saa 12 jioni mambo hubadilika. Katika meli za kampuni ya Cunard, kama Queen Mary 2, saa hiyo imeandikwa wazi: kuanzia hapo kumbi kubwa za kulia na baa nyingi zinataka nguo ya jioni, na asiyetaka kubadilisha anaachiwa sehemu chache, kama bafe. Usiku wa kawaida mwanamume hutakiwa shati la kola na suruali ndefu, na koti akipenda. Usiku wa gala hutakiwa tuksedo, au suti ya rangi nzito na tai, au vazi rasmi la taifa lake. Hilo la tatu ndilo letu. Limeandikwa kwenye karatasi yao wenyewe, na wengi hulipita bila kulisoma kwa sababu macho yameshanasa kwenye neno tuksedo.

Kampuni hazifanani, kwa hiyo kusikia mwenzako alivaa nini hakukusaidii mpaka ujue alipanda meli gani. Norwegian Cruise Line ilijitangaza tangu mwaka 2000 kuwa ni meli za kula na kuvaa utakavyo. Celebrity iliuondoa usiku rasmi wa zamani mwaka 2015 na kuweka kitu chepesi zaidi. Meli za bahari za Viking hazina usiku wa gala kabisa. Kwenye meli hizo kanzu safi yenye koti inatosha kila jioni, na joho halina kazi.

Penye gala, safari ya siku 7 huwa na usiku mmoja au miwili ya namna hiyo, na safari ya siku 14 huwa na miwili hadi minne. Mara nyingi huwekwa siku ambayo meli iko baharini kutwa, kwa kuwa watu wana nafasi ya kujitayarisha. Usiku wa kwanza karibu hauwi wa gala, kwani masanduku huenda hayajafika vyumbani, na usiku wa mwisho vilevile, kwani yameshafungwa. Ni desturi ya zamani, tangu enzi za meli za abiria zilizokuwa zikitia nanga hapa Unguja, kama zile za kampuni ya British India zilizoitwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1950. Na Waingereza waliokuwa wakipita Bahari ya Shamu kwenye joto kali walikubaliana kuvua koti wakati wa chakula cha usiku na kubaki na shati jeupe na mshipi mpana wa kitambaa kiunoni. Nguo rasmi za melini zimekuwa zikiisikiliza hali ya hewa tangu zamani, na kanzu nyeupe ya pamba kwenye maji ya joto haihitaji kuombewa radhi.

Sasa kanzu yenyewe. Mtu mzima wa urefu wa kawaida anahitaji mita 3 hadi 3 na nusu za kitambaa cha upana wa mita 1 na nusu. Pamba tupu inapendeza zaidi na inapumua, lakini inakunjamana na inarudi, yaani inapungua ikifuliwa. Tetroni haikunjamani sana, ila kwenye chumba kidogo cha meli inabana jasho. Mchanganyiko wa viwili hivyo ndio tunaoupendekeza kwa safari. Ukichagua pamba tupu, kilowekwe kitambaa usiku mzima na kikaushwe kabla ya fundi kushika mkasi. Pamba isiyolowekwa inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5 ikifuliwa mara ya kwanza, na mashine za kukaushia za melini ni za moto mkali. Kanzu ya sentimita 145 ikirudi asilimia 5 inapungua sentimita 7. Iliyokuwa imefika kifundoni inakuwa kama kanzu ya mtoto wa chuoni aliyekua ghafla.

Urefu wa kanzu ya melini usiwe sawa na wa kanzu ya msikitini. Nyumbani watu hupenda iguse juu ya kiatu. Melini kuna ngazi kila upande, na milango ya kutokea nje kwenye sitaha ina vizingiti vilivyoinuka ili maji yasiingie. Tunakata sentimita 2 au 3 juu ya kifundo cha mguu, na mpasuo wa pembeni tunaupandisha kidogo ili hatua iwe pana. Mkono mmoja ushike reli ya ngazi, mwingine uinue pindo. Meli hata ikiwa kubwa hucheza, na mtu aliyekanyaga kanzu yake mwenyewe huwa hana la kushika.

Jambo linaloharibu kanzu nyeupe kuliko yote ni uwazi. Mchana kwenye kivuli kitambaa huonekana kizito. Usiku wa gala kuna taa za juu, na kuna wapiga picha wa meli wanaosubiri mlangoni na taa zao kali. Picha zikitoka, mistari ya kikoi chekundu na buluu imeonekana yote. Jaribio lake ni rahisi: simama mbele ya dirisha lenye jua, mwanga uwe nyuma yako, na mtu akuangalie kutoka ndani. Akiweza kutaja rangi ya ulichovaa chini, kanzu hiyo haifai kwa gala. Dawa yake ni fulana nyeupe ya mikono na suruali nyeupe nyepesi ya chini, au shuka nyeupe isiyo na pindo la rangi. Suruali inatushawishi zaidi, kwa sababu kikoi kikilegea kwenye ngazi hakuna pa kukifungia. Na simu usiiweke mfuko wa pembeni. Huivuta kanzu upande mmoja na kuiharibu mstari wake wote. Iweke mfuko wa ndani wa koti.

Koti juu ya kanzu ndilo linalomfanya mgeni atambue kuwa umevaa rasmi. Jeusi au buluu iliyoiva, lisilo na mistari, na bega lenye nafasi kidogo kwa sababu mkono wa kanzu una kitambaa kingi ndani yake. Koti lililopimwa juu ya shati la kawaida likivaliwa juu ya kanzu hukunja kwapa na kumfanya mtu aonekane amebeba mabega. Mpime mtu akiwa na kanzu mwilini. Joho ni zuri mno kwenye tafrija ya nahodha na kwenye picha, lakini mezani ni mzigo. Mikono yake mipana huingia kwenye supu kabla ya mwenyewe. Ukikaa kula, livue, ulikunje kwa urefu na ulitundike nyuma ya kiti, au ulirudishe chumbani kabisa na uje na koti.

Karatasi za meli nyingi hukataza kofia ukumbini usiku. Zinakusudia kapelo na kofia za jua, lakini mhudumu aliyepewa maneno matatu ya kusimamia anaweza kumzuia mzee mwenye kofia nzuri ya viua. Njia ya kuliepuka hilo ni kwenda mapokezi mchana wa siku ya kwanza, kwa upole, na kusema kuwa hilo ni vazi la kwetu na halivuliwi mezani. Kijana wako aandike ujumbe kwa kampuni wiki chache kabla na aweke jibu lao kwenye simu. Kuuliza mchana ni jambo dogo. Kubishana mlangoni saa 2 usiku, watu wamepanga foleni nyuma, hata ukishinda umeshaharibu chakula chako.

Viatu navyo vinahitaji neno. Kwetu makubadhi ya nakshi ni kiatu cha heshima, na ndivyo yalivyo. Lakini kanuni za kumbi nyingi zinakataza ndala na viatu vya wazi kwa wanaume usiku, na anayesimamia mlango haoni tofauti. Beba makubadhi kwa mchana na kwa jioni za bafe. Kwa ukumbi mkubwa vaa viatu vyeusi vya ngozi vya kufunika, na soksi nyeupe au nyeusi, soli ya mpira. Soli ya ngozi tupu huteleza kwenye sakafu ya marumaru ya ukumbi wa kati.

Jambia liache nyumbani. Bwana harusi wa Unguja hulivaa na joho na hupendeza, lakini mizigo yote ya melini hupita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, na jambia linahesabiwa silaha hata kama halijawahi kukata kitu. Litazuiliwa bandarini, na hakuna uhakika wa kulipata tena. Nguo zenye madoadoa ya kijeshi nazo ziache. Visiwa kadhaa vya Karibi, kama Barbados na Jamaika, vinakataza raia kuzivaa, na hapa kwetu Tanzania vilevile.

Kwa akina mama kazi ni nyepesi upande mmoja na ngumu upande mwingine. Nyepesi kwa sababu gauni refu ndilo linalotakiwa, na baibui zuri lenye darizi au shanga mikononi tayari ni refu na tayari ni la heshima. Mawili yanatosha kwa safari ya siku 7, ukibadilisha mitandio. Dira liwe la chumbani tu, bibie, hata likiwa jipya, kwa kuwa ukumbini linasomeka kama nguo ya kulalia. Ugumu uko kwenye upepo. Meli inayokwenda fundo 20 hutengeneza upepo wa kilomita 37 kwa saa hata bahari ikiwa shwari kama kioo, na ikienda kinyume na kusi upepo huo huongezeka. Mtandio usio na pini unaondoka. Weka pini mbili chini ya kidevu na moja begani, na chini ya baibui vaa suruali au gaguro, kwa sababu kwenye sitaha nguo hupanda. Kisigino kisizidi sentimita 5 na kiwe kipana. Ukumbi wa kulia huwa baridi kwa kiyoyozi, hivyo mtandio mzito wa pili si wa pambo. Na mwombe mhudumu kitambaa cheusi cha mezani ukivaa nyeusi. Migahawa mingi inavyo, na kile cheupe huacha nyuzi nyeupe mapajani ambazo huonekana kila unaposimama.

Pasi. Hapa ndipo wengi hushikwa. Pasi ya umeme, hata ile ndogo ya safari, na hata ile ya mvuke, hairuhusiwi vyumbani kwenye meli karibu zote. Moto baharini hauna pa kukimbilia, na maafisa wa usalama huchukua kifaa hicho kwenye ukaguzi wa mizigo. Chetezo nacho ni hivyohivyo, cha makaa na cha umeme, pamoja na mishumaa. Anayetaka nguo zake zinukie udi azifukize nyumbani siku ya kufungasha, kanzu na baibui zikiwa zimekauka kabisa, kisha azitie kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga. Harufu itakaa wiki nzima. Nguo yenye unyevu ikifukizwa na kufungwa hutoka na harufu ya moshi wa jikoni.

Kwa kuwa pasi haipo chumbani, kufungasha ndiko kunakobeba kazi yote. Laza kanzu kitandani, mgongo juu. Rudisha mikono ifuate mshono wa pembeni, isivuke katikati. Kunja kila upande theluthi moja kuelekea ndani mpaka ibaki ukanda mrefu. Juu yake tandaza mfuko mwepesi wa nailoni, ule ambao dobi hufunikia suti, halafu viringisha kuanzia chini kwa kuzungushia taulo lililokunjwa kuwa kama mto mwembamba. Nailoni huifanya nguo iteleze badala ya kujikunja, na taulo linazuia mstari mkali. Wanga utie kidogo tu. Kanzu iliyokakamaa kwa wanga ikikunjwa huvunjika mistari ambayo mvuke hauiondoi. Kofia ya viua isilazwe. Ijaze soksi safi na uiweke ndani ya kopo la plastiki.

Ukifika, toa nguo zote sandukuni siku hiyohiyo. Kabati la chumba ni dogo, lakini kuta nyingi za vyumba vya meli ni za chuma, hivyo ndoano za sumaku nne au tano hukupa pa kutundika kanzu, koti na baibui. Zinauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Kwa mikunjo iliyobaki, tundika kanzu bafuni, funga mlango, fungulia maji ya moto dakika 10, kisha iache dakika 15 bila kuigusa na uipitishie kiganja kuanzia begani kushuka. Usitundike nguo kwenye ukingo wa roshani. Inakatazwa, na upepo hauulizi ruhusa.

Meli za Cunard na nyingine kadhaa zina chumba cha kufulia cha abiria chenye mashine na pasi. Meli za Royal Caribbean hazina, kwa hiyo huko utategemea dobi wa meli, anayelipwa kwa kila kipande. Kanzu haimo kwenye orodha yao. Andika kwenye fomu, kwa Kiingereza, kuwa ni vazi refu la pamba, lipigwe pasi bila mstari wa mbele na litundikwe bila kukunjwa. Usipoandika, unaweza kurudishiwa kanzu yenye mstari wa suruali kutoka kifuani mpaka chini. Na peleka siku mbili kabla ya gala, kwa kuwa mchana wa gala kila mtu anapeleka.

Doa la mchuzi wa manjano kwenye kanzu nyeupe huwatia watu hofu zaidi linapoguswa na sabuni, kwa kuwa linageuka jekundu kama damu. Hiyo ni tabia ya manjano ikikutana na sabuni. Suuza kwa maji baridi, kamulia limau kutoka kwenye bafe, na rangi itarudi kuwa ya njano. Kisha fua na uianike karibu na dirisha lenye jua. Jua ndilo linalomaliza manjano.

Mambo haya yana upande wa pili, nao uko bandarini Malindi, hapa Unguja. Meli za kitalii huja kwetu zaidi miezi ya kaskazi, na abiria hushuka asubuhi na kurudi alasiri. Wengi hushuka wamevaa kama walivyokuwa kwenye bwawa, kwa sababu karatasi ya mavazi ya meli inanyamaza juu ya nchi kavu na wao hudhani bandari ni mwendelezo wa sitaha. Anayewaongoza aseme mapema, kabla hawajatoka getini: mabega na magoti yafunikwe mjini, na nguo za kuogelea zibaki pwani na hotelini. Akisema sokoni Darajani, katikati ya watu, ni aibu kwa wote wawili. Wanaofanya kazi hii vizuri hubeba doti tatu au nne za kanga kutoka maduka ya Mchangani, zimekatwa na kupindwa tayari. Doti moja ni vipande viwili, kimoja kiunoni na kimoja mabegani, na mgeni mara nyingi huinunua mwishoni. Mwezi wa Ramadhani na mchana wa Ijumaa mtu awe mwangalifu zaidi, khasa kwenye vichochoro vya karibu na misikiti. Viatu viwe vya kufunga, kwa kuwa mawe ya Mji Mkongwe huteleza yakilowa. Na wakumbushwe saa. Meli hutaka watu warudi kabla ya wakati wa kung'oa nanga, mara nyingi nusu saa, na ikiwa imesimama nje na kushusha abiria kwa mashua, mashua ya mwisho huondoka mapema zaidi ya hapo.

Limebaki la usiku wa mwisho. Jioni hiyo hutakiwa kuweka masanduku nje ya mlango, na kabla ya asubuhi yameshachukuliwa kupelekwa bandarini. Abiria hufungasha kila kitu kwa bidii, huweka nje, hulala, na asubuhi hukuta wamebaki na kikoi cha kulalia na ndala za chumbani. Kwa hiyo kabla ya kufunga sanduku, weka kitandani kanzu moja, fulana na suruali ya chini, viatu na soksi, kofia, dawa na pasi ya kusafiria, uvihesabu, halafu ndiyo ufunge.